Mstari wa 21 na Mzigo wa Kurudi

Waliokua na televisheni ya chogo sebuleni wanaikumbuka siku picha ilipoanza kupanda. Msoma habari anateleza kwenda juu, kichwa kinapotelea kwenye ukingo wa kioo, kisha kinachomoza tena kutokea chini, na kati ya kifua chake na utosi wake unapita mkanda mweusi mnene. Unapanda, unapotea, unarudi. Tiba ya kwanza ilikuwa kofi ubavuni mwa TV. Likishindwa, mjuzi wa nyumba alizunguka nyuma, akatafuta kitufe kidogo cha kuzungusha, akakigeuza taratibu huku wenzake wakimpigia kelele: "Bado! Bado! Hapo hapo!"

Hakuna aliyeutazama ule mkanda mweusi wenyewe. Ulikuwa kero tu, ufa kati ya picha moja na inayofuata. Lakini katika nchi ambazo vituo vyake vilikuwa na mitambo mingi, aliyekodoa macho aliona kitu ndani ya weusi ule: vistari vyeupe vinavyometameta, nukta zinazochezacheza, pengine kipande cha rangi au ngazi ya kijivu kutoka giza hadi mwanga. Haukuwa uchafu wa mawimbi. Ulikuwa ni shehena, tena ya watu mbalimbali, na wengine kati yao waliihitaji kuliko picha yenyewe.

Chogo lilipata jina lake kutokana na bomba refu la kioo lililojaza mgongo wa TV. Ndani ya bomba hilo mwali wa elektroni (katika TV ya rangi, miali mitatu iliyokwenda pamoja) uliuchora uso wa kioo mstari kwa mstari, kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, kama mtu anayesoma gazeti. Marekani ilichagua mistari 525 kwa kila picha, picha zipatazo 30 kwa sekunde. Uingereza, Kenya, Tanzania na nchi nyingi nyingine zilitumia mfumo wa PAL wenye mistari 625, picha 25 kwa sekunde. Kila picha ilichorwa kwa awamu mbili: kwanza mistari ya witiri, kisha ile ya shufwa iliyojaza nafasi katikati.

Mwali ukishafika pembe ya chini, sharti urudi juu. Hapo ndipo penye kisa. Taa za elektroni (vali) na koili za miaka ya 1930 na 1940 hazikuweza kuurudisha kwa kufumba na kufumbua, basi waliotunga viwango wakaupa muda wa safari: mistari 21 kwa kila nusu ya picha huko Marekani, mistari 25 kwa upande wa PAL. Katika muda huo mwali ulizimwa ili safari isionekane. Mtu akipiga hesabu atakuta mifumo yote miwili ilitoa sehemu ileile, asilimia 8 ya muda wote wa matangazo. Kituo kilicho hewani saa 24 kilirusha weusi mtupu kwa karibu saa mbili kwa siku, vipandevipande vya takriban milisekunde moja na nusu.

Wenye malori wanalielewa jambo hili bila kuchorewa. Lori limetoka Dar es Salaam na mzigo, limeshusha Lubumbashi, sasa linarudi. Mafuta yanaungua kama kawaida, dereva analipwa kama kawaida, na bodi ni tupu. Hakuna mwenye lori anayelala usingizi akijua hilo. Atatafuta mzigo wa kurudi, hata uwe mdogo. Na kadiri taa zilivyopisha transista, mwali haukuhitaji tena muda wote ule. Bodi ilibaki tupu kwa sababu tu viwango vilishaandikwa na mamilioni ya TV yalishauzwa.

Wa kwanza kupakia walikuwa mafundi wenyewe. Mawimbi ya televisheni yalisafiri mbali, kutoka studio hadi mnara, mnara hadi mnara, na kila kituo cha njiani kiliweza kuyaharibu kidogo. Zamani walipima ubora kwa kurusha picha maalumu usiku baada ya vipindi kwisha. Kumbe wangeweza kupima mchana kweupe, kipindi kikiendelea, kwa kuingiza ishara za majaribio katika mistari ya weusi kama vile wa 17 na wa 18. Fundi aliyekaa kilomita mia tano mbali aliangalia ngazi ile ya kijivu kwenye chombo chake. Ikiwa vipandio havikulingana, alijua kuna kifaa kinachopotosha mwanga. Marekani ilitenga mstari wa 19 kwa ajili ya ishara ya kulinganishia rangi, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya General Electric iliuza TV zilizoisoma ishara hiyo na kujirekebisha zenyewe, ili nyuso za watu zisigeuke kijani kila mtu alipobadili chaneli.

Kisha wakaja wengine. Kampuni ya Nielsen, inayohesabu watazamaji Marekani, ilipata nafasi kwenye mstari wa 20 kwa ajili ya alama za kutambua kipindi gani kinarushwa na kituo gani. Wahariri wa video waliweka humo namba za saa, dakika, sekunde na fremu. Wenye filamu waliweka mtego: mwaka 1985 kanda ya VHS ya filamu The Cotton Club ilitoka ikiwa na kinga ya Macrovision, mipigo mikali ya mwanga iliyofichwa katika mistari ya weusi. TV haikuijali. Deki ya kurekodia, ambayo hupima nguvu ya mawimbi ili ijirekebishe, ilihadaika ikadhani picha ni kali mno na kuifubaza, kisha ikaiachia, kisha ikaifubaza tena. Aliyewahi kuazima filamu akaunganisha deki mbili ili ajibakizie nakala, akapata picha inayoingia giza na kutoka kama mtu anachezea swichi, alikutana na Macrovision bila kutambulishwa.

Mzigo uliobeba maisha ya watu, hata hivyo, ulikuwa kwenye mstari wa mwisho kabisa wa giza, mmoja tu kabla ya picha kuanza. Mstari wa 21.

Mstari huo ndio uliobeba maandishi ya viziwi, lakini safari yake ilianza kwa jambo lisilohusiana nao kabisa. Takriban mwaka 1970, Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani ilitaka njia ya kusambaza saa sahihi nchi nzima, ikaona mawimbi ya televisheni tayari yanafika kila mahali. Mtandao wa televisheni wa ABC ukakubali kushirikiana. Mpango wa saa haukufika mbali, lakini ABC ikauliza: kama tarakimu za saa zinaweza kupanda kwenye mstari uliofichwa, kwa nini maneno yasipande? Mwaka 1971 wataalamu walikutana Nashville, Tennessee, kwa mkutano wa kwanza wa kitaifa juu ya televisheni kwa wasiosikia. Tarehe 15 Februari 1972, katika Chuo cha Gallaudet mjini Washington, chuo cha viziwi, ABC na ofisi ile zilionyesha kipindi cha polisi kiitwacho The Mod Squad kikiwa na maandishi ambayo TV ya kawaida isingeyaona. Mwaka 1980 ofisi hiyo ya viwango ilitunukiwa Emmy pamoja na ABC na shirika la PBS, tuzo ambayo kwa kawaida huenda kwa waigizaji na waongozaji.

Mwaka huohuo wa 1972 kituo cha WGBH cha Boston kilijaribu njia rahisi zaidi. Kilichukua kipindi cha mapishi cha Julia Child, The French Chef, kikabandika maandishi juu ya picha, ayaone kila mtu. Viziwi walifurahi. Baadhi ya wanaosikia walinung'unika kwamba maandishi yanawasumbua. Mvutano huo, kati ya maandishi ya wazi yanayomfikia kila mtu na yaliyofichwa yanayomfikia anayeyaita tu, ndio ulioamua muundo mzima. Kwa kuwa wanaosikia ndio wengi na ndio wanaofuatwa na matangazo ya biashara, maandishi hayo, yanayoitwa manukuu, yakafichwa. Mwaka 1976 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliutenga rasmi mstari wa 21 kwa kazi hiyo. Malcolm Norwood, mtumishi wa serikali ambaye mwenyewe alikuwa kiziwi na aliyeipigania hoja hii miaka mingi, mara nyingi hutajwa kama baba wa manukuu ya televisheni.

Tarehe 16 Machi 1980, jioni ya Jumapili, ABC, NBC na PBS zilirusha vipindi vya kwanza vya kawaida vyenye manukuu. Kuyaona kulihitaji kifaa cha pembeni kilichouzwa madukani mwa Sears kwa dola zipatazo 250, na kwa pesa ya wakati ule hiyo haikuwa bei ya kununulia bila kikao cha familia. Wasomaji wa Dar na Nairobi wangekiita king'amuzi bila kusita, kwa sababu ndicho kilichokuwa: kiling'amua maandishi na kuyabandika chini ya picha. CBS, mtandao mwingine wa televisheni, ilikataa kujiunga. Ilikuwa imeweka imani yake kwenye mfumo mwingine wenye kasi zaidi, viziwi wakaandamana nje ya vituo vyake, na mwaka 1984 ndipo nayo ikakubali mstari wa 21.

Kilichobadilisha mambo kwelikweli kilikuwa sheria. Mwaka 1990 Rais George H. W. Bush alitia saini sheria iliyotaka kila TV ya inchi 13 au zaidi itakayouzwa Marekani kuanzia tarehe 1 Julai 1993 iwe na king'amuzi cha manukuu ndani yake. Kifaa cha dola 250 kikageuka kipande kidogo cha silikoni ambacho mnunuzi hata hakujua amekilipia. Ghafla manukuu yalionekana kwenye baa zenye kelele, kumbi za mazoezi, vyumba vya kusubiria vya viwanja vya ndege, na kwenye sebule za wahamiaji waliokuwa wakijifunza Kiingereza kwa kusoma kile walichokisikia nusunusu.

Sasa tuufungue mstari wenyewe. Ukiutazama kwenye chombo cha kuchora mawimbi, unaanza na mawimbi saba laini, yote sawa, kama mtu anayebisha hodi kwa mpigo maalumu. Kazi yake ni kuipa TV mdundo wa kuhesabia. Kisha inakuja alama ya kuanza, halafu herufi mbili. Mbili tu. Kila herufi ni biti saba, na biti ya nane ya ukaguzi inayohakikisha jumla ya moja zilizomo ni witiri. Picha ijayo inaleta herufi mbili nyingine. Kwa picha 30 kwa sekunde hizo ni herufi 60, na msemaji wa kawaida hahitaji hata nusu yake. Nafasi iliyobaki ilitosha kuweka mikondo kadhaa: manukuu ya kwanza, ya pili kwa lugha nyingine, na hata kurasa za maandishi matupu. Kwenye nusu ya pili ya picha palipakiwa pia saa sahihi, ambayo deki za Marekani zilizokuwa zikimwekamweka 12:00 miaka nenda rudi ziliweza kuisoma na kujirekebisha, pamoja na alama za umri zilizotumiwa na wazazi kufunga vipindi visivyofaa watoto.

Kasi ilikuwa ndogo kwa makusudi. Wahandisi wangeweza kujaza herufi nyingi zaidi, lakini walitaka maandishi yavumilie antena mbovu na yanusurike hata yakirekodiwa kwenye VHS. Kanda ya VHS iliyorekodiwa Marekani mwaka 1985 bado ina manukuu ndani yake leo, kama haijaota ukungu.

Uingereza ilipita njia nyingine kabisa. BBC ilizindua Ceefax tarehe 23 Septemba 1974, huduma ya kurasa za maandishi, kila ukurasa ukiwa na mistari 24 ya herufi 40. Hapa hazikuwa herufi mbili kwa mstari. Mstari mmoja wa giza ulibeba safu nzima ya herufi 40, kwa kasi ya karibu biti milioni 7 kwa sekunde. Habari, matokeo ya soka, hali ya hewa na bei za hisa zilizunguka kama sahani kwenye mkahawa wa kujihudumia: ukiutaka ukurasa wa 302, unasubiri upite mbele yako uudake. Manukuu ya viziwi yalikaa ukurasa wa 888, na namba hiyo Waingereza wengi wa umri fulani wanaijua kama namba ya nyumba yao.

Afrika Mashariki iliijua huduma hiyo kwa kitufe chake zaidi kuliko kwa kurasa zake. TV nyingi zilizoletwa kutoka Ulaya na Ghuba zilikuwa na rimoti yenye alama ya TXT, na pasipokuwa na kituo kinachorusha kurasa, aliyekibonyeza aliona kioo kimeingia giza na namba 100 imejikalia pembeni, ikisubiri kisichokuja. Watoto walikatazwa kukigusa: "Utaharibu TV!"

Kuficha kuna gharama yake. Kitu kilichofichwa pembeni, asiyekijua atakikata. Fundi wa Marekani aliyepigiwa simu na mteja akiambiwa "manukuu hayatoki" hakufungua mfuniko wa TV kwanza. Alianza kwa maswali, kama daktari.

Je, kuna boksi kubwa jeusi limefunika nusu ya picha? Huu ndio ulikuwa ugonjwa ulioogopesha watu kuliko yote, na ndio uliokuwa rahisi kuliko yote. Mtu alibonyeza rimoti akachagua mkondo wa kurasa za maandishi badala ya mkondo wa kwanza wa manukuu. TV ikatandaza ubao wake mweusi tayari kwa kurasa, na kurasa hazikuwepo. Kubadili chaguo moja kwenye menyu kulitosha. Idadi ya TV zilizobebwa kwenda kwa fundi kwa sababu hiyo pekee haijulikani, na pengine ni heri.

Je, maandishi yanatoka lakini yana mapengo, au vibonge vyeupe mahali pa herufi? Hapo ile biti ya ukaguzi imefanya kazi yake. TV imehesabu, imekuta jumla si witiri, ikajua herufi imeharibika njiani, na badala ya kubahatisha ikaweka kibonge. Kosa liko kwenye mapokezi: antena imegeuka, waya umeoza, au mawimbi yanagonga jengo refu na kufika mara mbili. Mwangwi huo kwenye picha unaonekana kama kivuli hafifu pembeni mwa mtu, na jicho huuzoea. King'amuzi hakiuzoei.

Je, sentensi moja imeganda chini ya kioo, tangazo la sabuni linapita na bado mhusika wa tamthilia anasema "Sikupendi tena"? Manukuu hayakurushwa kama picha ya maneno, bali kama maneno pamoja na amri. Kwa aina iliyotumika zaidi kwenye filamu, herufi zilijengwa kimyakimya kwenye kumbukumbu ya TV, kisha ikaja amri ya kuzidhihirisha, na baadaye amri ya kufuta. Amri ya kufuta ikipotea, maneno yanabaki. Ndiyo maana kila amri ilirushwa mara mbili mfululizo, kama mzazi anayemtuma mtoto dukani. Hata hivyo, kituo kikikatiza kipindi katikati ili kuingiza tangazo, amri ilibaki upande wa pili wa mkasi.

Na makosa ya maneno yenyewe? Kwa matangazo ya moja kwa moja, yaliyoanza kupata manukuu mwaka 1982, kazi ilifanywa na waandishi wa hati mkato, wale wa mahakamani, waliobonyeza silabi nzima kwa mkupuo huku kompyuta ikizigeuza kuwa maneno. Silabi zikifanana, kompyuta ilichagua neno lisilo lake. Msomaji alipata kichekesho, mwandishi alipata aibu, na hakuna fundi wa TV aliyeweza kusaidia.

Ugonjwa mgumu ulikuwa pale manukuu yalipokosekana kwenye chaneli moja tu, kwa watu wote. Hapo TV hazina hatia. Kosa liko kituoni au njiani, na mara nyingi aliyelitenda alidhani anasafisha. Vituo vilikuwa na mashine za kunyoosha mawimbi yaliyoyumba: zinapokea picha, zinaiweka kwenye kumbukumbu, zinaitoa upya ikiwa imetulia. Nyingi ziliitupa mistari ya giza iliyoingia na kutengeneza giza jipya, safi kabisa. Safi na tupu. Nyingine zilisogeza picha mstari mmoja chini, mzigo wa mstari wa 21 ukashushwa kwenye wa 22, na ving'amuzi vingi havikuhangaika kuangalia jirani. Nyingine zilipindua mpangilio wa nusu za picha, hivyo manukuu ya mkondo wa kwanza yakaibukia kwenye mkondo wa tatu, na kiziwi aliyekaa nyumbani akaona kimya kitupu.

Dawa ilikuwa mwendo wa taratibu. Mhandisi alichukua chombo cha kuchora mawimbi chenye uwezo wa kuchagua mstari mmoja, akauweka kwenye 21, akaanza kutembea. Kwenye kanda: mawimbi saba yapo, biti zinacheza. Baada ya swichi kuu: zipo. Baada ya mashine ya kunyoosha: mstari bapa kama meza. Amempata. Ni kazi ya mtu wa maji anayefuata bomba nyumba kwa nyumba akiuliza wapi bado yanatoka.

Teknolojia mpya haikulifuta tatizo, ililihamisha. Waya wa HDMI hauna mistari ya giza ya kubebea manukuu ya aina hii, hivyo kifaa kinachotuma picha ndicho kinachopaswa kuyachora. Mtu aliyehangaika na menyu ya TV yake wakati kitufe kiko kwenye kisanduku cha pembeni hakuwa mjinga, alikuwa anatafuta mahali ambapo kitu hicho kilikaa miaka ishirini. Marekani ilipozima mitambo mikubwa ya analogia tarehe 12 Juni 2009, waliobaki na TV za zamani walinunua visanduku vya kugeuza mawimbi, na wengine wakashangaa kuona manukuu mawili yamepandana. Kisanduku kilichora yake, tena kikaurudisha mstari wa 21 kwenye waya, na TV nayo ikachora yake juu. Ilibidi kuzima upande mmoja.

Kwetu Afrika Mashariki, kiziwi anayefuatilia habari kwa kawaida hutazama pembe ya kioo, alipo mkalimani wa lugha ya alama. Sheria ya Kenya ya mwaka 2003 juu ya watu wenye ulemavu ilivitaka vituo vya televisheni viweke mkalimani wa namna hiyo au maandishi katika taarifa za habari na vipindi vya elimu. Kwa jicho la mhandisi, mkalimani ni kinyume cha mstari wa 21. Amekaa ndani ya picha yenyewe, hakuna mashine inayoweza kumfuta kwa bahati mbaya, na hakuna rimoti inayoweza kumwondoa. Ni Julia Child wa Boston tena: ya wazi au iliyofichwa. Anachoweza kufanyiwa ni kudogoshwa mpaka vidole visisomeke.

Dar es Salaam ilianza kuzima analogia tarehe 31 Desemba 2012, Kenya ikakamilisha mwaka 2015, na Ceefax ilizimwa tarehe 23 Oktoba 2012 mawimbi ya mwisho ya zamani yalipokatwa Ireland ya Kaskazini. Mstari wa 21 wenyewe umehama nyumba tu. Manukuu ya televisheni ya kidijitali ya Marekani bado hubeba pembeni mwao zile herufi mbili kwa kila picha, kwa ajili ya vifaa vya kizamani ambavyo huenda vipo mahali.

Wanaozihamishia kanda za VHS kwenye kompyuta ndio wanaokutana nao ana kwa ana. TV za chogo zilificha ukingo wa picha nyuma ya fremu ya plastiki, lakini kompyuta huonyesha kila kitu, na juu kabisa ya filamu iliyorekodiwa Marekani huonekana vistari vyeupe vinavyotetemeka. Wengi huvikata wakidhani ni uchakavu wa kanda, na kwa mkato huo huyatupa maneno yote ya filamu. Kadi nyingine za kurekodia hazimpi mtu hata nafasi ya kukosea: huchukua mistari 480 tu, na mstari wa 21 unaachwa mlangoni.

Uingereza, wapenzi wa Ceefax wana kibarua kizito zaidi. Kasi ya kurasa zile ilikuwa kubwa mno kwa VHS, hivyo kwenye kanda mistari hiyo imebaki kama wino uliomwagikiwa maji. Lakini kila ukurasa ulirushwa tena na tena, na kanda ya saa tatu ina nakala nyingi za ukurasa uleule, kila moja ikiwa imechafuka kwa namna yake. Wametunga programu inayozisoma zote, kuzilinganisha na kukisia herufi iliyokuwepo mwanzo, mpaka ukurasa unajitokeza. Hivyo wanaomba kanda kuukuu kwa yeyote aliyenazo, wala hawajali kilichorekodiwa: tamthilia, mechi, katuni za Krismasi. Mwenye kanda alitaka filamu yake ya Jumamosi usiku tu. Juu ya filamu hiyo, mahali ambapo kioo chake hakikupata kumwonyesha, alirekodi pia utabiri wa mvua ya Jumapili, mabao ya mchana ule, na ratiba ya ndege zilizochelewa kutua.